Aombewe au Apelekwe Kliniki?

Rafiki yako anabwia unga, na nyumbani wanasema, "Aombewe tu, ataacha." Je, inatosha?

Kunaswa na unga ni ugonjwa. Mwili ukiukosa unapata arosto: maumivu, kutapika, kuharisha. Hilo siyo pepo. Tiba ipo, inaitwa methadoni; Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Akiikatisha eti kaombewa, kisha akarudia kipimo chake cha zamani cha unga, anaweza kufa.

Sasa imani ina kazi gani? Kubwa tu! Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alishikwa na hamu kali. Akamtafuta mlevi mwenzake, daktari Bob Smith, wakaongea. Mwezi uliofuata Bob naye akaacha kabisa. Hapo ndipo zilipoanzia Hatua 12, zinazofuatwa hata kwenye soba hausi za Zanzibar: kubali kwamba peke yako huwezi, mtegemee Mungu kama unavyomfahamu, sema ukweli, waombe radhi uliowakosea, msaidie mwenzako.

Akiteleza, usimwambie Mungu kamtupa. Mwombee, halafu mshike mkono mwende kliniki.