Hema Kando ya Ziwa Tshangalele

Sisi watu wa Sakania tumezoea reli na msitu. Reli ilitufikia kutoka kusini mwaka 1909, ikaendelea mpaka Lubumbashi mwaka uliofuata, na tangu hapo mtoto wa kwetu huujua mlio wa gari la moshi kabla hajajua kusoma. Lakini ziwa hajaliona. Basi walimu watatu tulipokubaliana kuwachukua wanafunzi 19 kwenda kupiga kambi kando ya ziwa Tshangalele wakati wa likizo ya Julai, wavulana hawakulala kwa furaha, na mama mmoja hakulala kwa hofu. Alikuja usiku ule ule, amemshika mwanawe mkono. "Walimu," alisema, "huyu hajui kuogelea." Tukamjibu kwamba tutamtunza kama mboni ya jicho. Yakumbuke maneno hayo, ee msomaji, maana tutayarudia.

Tuliondoka saa kumi alfajiri katika lori la kuazima, tukiwa na magunia mawili ya unga, maharagwe, dagaa, masufuria, hema nne na turubai moja kuukuu. Julai kwetu ni mwezi wa baridi kali, na ndani ya lori lililo wazi wavulana walijikunja kama kuku wa mvua. Mpaka Mokambo waliimba. Baada ya Mokambo vumbi liliwanyamazisha. Kasumbalesa tulikuta malori ya shaba yamepanga foleni isiyoonekana mwisho wake, tukangoja karibu saa mbili kabla ya kupita. Kando ya njia palikuwa na magunia ya makala, na nyuma yake visiki, na nyuma ya visiki vichuguu virefu kuliko nyumba, vilivyobaki peke yake pale ambapo zamani palikuwa na miti. Jioni tuliingia Lubumbashi, tukalala sakafuni katika darasa la shule iliyotupokea kwa wema.

Siku ya pili tulishika njia ya Likasi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Tulipofika daraja la mto Lufira tulimwomba dereva asimame, kwa kuwa mahali hapo pana habari yake. Mwezi Septemba 1961, wakati Katanga ilipojitenga, kikosi cha askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa kilizingirwa Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville. Wenzao walitoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwenda kuwaokoa, lakini walizuiwa hapa kwenye Lufira. Waliozingirwa walipigana siku tano, wakasalimu amri maji na risasi zilipowaishia, wala hakufa hata mmoja wao. Wavulana walitazama mto kwa muda mrefu. Mmoja akauliza kama risasi bado zimo ndani ya maji. Hatukuwa na jibu.

Kisha tukaiacha lami, tukaelekea Kapolowe, misioni ya zamani ya mapadri Wabenedikto, na kabla ya jua kuchwa ziwa likatokea. Kelele iliyopigwa ndani ya lori hatuwezi kuiandika. Maji yalikuwa meupe kama bati jipya, ndege wamejaa kwenye matete, mitumbwi ikirudi, na upande wa kaskazini vilima vya buluu vimesimama kama boma.

Ni lazima tuseme ukweli kuhusu ziwa hili: halikuwako tangu mwanzo. Lufira ilikuwa ikipita hapa katika bonde pana, ikiteremka kati ya vilima vile na kuanguka kwa kishindo mahali Wabelgiji walipopaita maporomoko ya Cornet, kwa jina la mtaalamu wa mawe aliyepita Katanga katika msafara wa 1891 mpaka 1893. Kampuni za migodi zilihitaji nguvu za kuyeyusha shaba. Basi ukajengwa ukuta Mwadingusha, na mwaka 1930 mitambo ya umeme ikaanza kazi. Maji yaliyozuiwa yakarudi nyuma, yakafunika bonde lote. Kwa sababu hiyo ziwa ni pana ajabu, lakini kina chake ni kidogo, mahali pengi mita mbili au tatu tu. Wavuvi husukuma mitumbwi kwa upondo kuliko kwa kafi.

Kina kidogo! Neno hilo ndilo lililotudanganya. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, sisi walimu tulijilaza chini ya turubai, tukiwa na hakika kwamba maji ya kifuani hayawezi kumdhuru mtu. Wavulana wawili walichukua mtumbwi uliofungwa ufukweni bila ruhusa ya mwenyewe. Mmoja wao alikuwa mtoto wa yule mama. Saa tisa upepo ukavuma kutoka mashariki, na katika ziwa pana lisilo na kina mawimbi huinuka upesi, mafupi na makali. Tuliamshwa na mayowe. Mtumbwi ulikuwa umepinduka mbali na ufuko, mmoja ameushika, na mwingine anaonekana kichwa tu, kisha haonekani, kisha anaonekana.

Mwalimu mmoja wetu aliruka majini, akaenda hatua thelathini, akakwama katika matope mpaka mapajani. Kumbe hapo ndipo penye hatari: maji ni mafupi, lakini chini yake hakuna ardhi ya kukanyaga. Aliyewaokoa ni mzee mvuvi, ndiye mwenye mtumbwi. Alichukua mtumbwi wa jirani, akasimama wima ndani yake, akasukuma upondo bila haraka, kana kwamba anakwenda sokoni. Aliwaleta wote wawili. Mtoto wa yule mama alitapika maji, akalia, akaomba blanketi.

Jioni tulikwenda kwa mzee kuomba radhi na kulipa upondo uliopotea. Alikataa fedha mara mbili, akaipokea mara ya tatu. Alituketisha karibu na moto, maana taa hakuwa nayo. Tulishangaa, kwa kuwa mchana tulikuwa tumeona nyaya kubwa zikipita juu angani. "Ni za mgodi," alisema. Mitambo ya Mwadingusha imetengenezwa upya miaka hii, na mwaka 2021 ikarudi kutoa megawati zaidi ya 70, inayosaidia machimbo ya shaba ya Kamoa-Kakula, mbali huko upande wa Kolwezi. Baba yake mzee, alivyotueleza, alilima mihogo pale ambapo yeye anatega nyavu.

Mkewe alituandikia bukari na kambare. Hapo tulisitasita kidogo, tukitumaini kwamba hakuona. Tulikuwa tumesoma kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima samaki wa ziwa hili, wakakuta ndani yao shaba, kobalti na madini mengine kupita kiasi, kwa sababu maji machafu ya viwanda vya Likasi yameingia humo kwa miaka mingi. Lakini mzee aliona. "Tunajua," alisema, akamega tonge. "Kuleni." Tukala. Kusema kweli alikuwa kambare mtamu.

Tulikaa siku mbili zaidi, na hakuna mwalimu aliyelala tena mchana. Safari ya kurudi haina mengi: tairi moja lilipasuka, tukafika Sakania usiku wa manane. Yule mama alikuwa akingoja barabarani na kurunzi. Alianza kutushukuru. Wenzetu walitutazama kwa macho ya kutuomba tunyamaze, na sisi wenyewe tulitamani kunyamaza. Tukamweleza yote palepale, lori likiwa linanguruma bado.

Alimshika mwanawe kichwa, akanyamaza. Kisha akauliza kama mzee yule ana wajukuu. Tukajibu kwamba anao sita. Wiki iliyofuata alileta shuleni debe la karanga, ametia kitambaa juu na kukifunga kwa kamba. Liko katika ofisi yetu mpaka leo, likingoja mtu anayekwenda Kapolowe.