Haki ya Jirani Katika Moto wa Uani

  

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo mno kupandishwa kwenye mimbari, nalo ni moto tunaouwasha uani kuchoma majani na taka. Hata mimi sikulidhania kuwa kubwa mpaka liliponifika mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nikisomesha madrasa, ilikuwa desturi yetu kila Alhamisi, baada ya swala ya Alasiri, wanafunzi wafagie uwanja, wakusanye majani ya mwembe na ya mkungu, wayachome kando ya ukuta ili Ijumaa itukute safi. Ng'ambo ya ukuta ule akikaa bibi mmoja mtu mzima pamoja na mjukuu wake. Siku moja nikasikia kuwa mtoto hajiwezi, nikaenda kumjulia hali. Nilipoketi nikaona dirisha la upande wetu limezibwa matambara katika kila upenyo. Nikamwuliza, "Bibi, matambara haya ni ya nini?" Akanijibu kwa upole, "Ya Alhamisi, Maalim." Hakuongeza neno. Mtoto alikuwa na pumu. Basi kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikisomesha haki ya jirani upande mmoja wa ukuta, na upande wa pili jirani mwenyewe akiziba madirisha kwa sababu yangu. Na asingeniambia abadan, kwa staha tu ya kuwa mimi ni mwalimu.

Haki hiyo imetajwa katika Sura ya Annisaa, aya ya 36, ambamo Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, pamoja na wazazi, jamaa, mayatima na masikini. Na wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani hata akadhani kuwa atampa fungu katika urithi. Haya twayajua sote. Ila tukitajiwa kumuudhi jirani, fikira zetu huenda kwenye matusi, kelele na ugomvi wa mipaka. Moshi tunauona ni hewa tu. Nasi tunasahau kuwa Mtume alimtaka aliyekula kitunguu thomu au kitunguu maji kibichi ajitenge na msikiti, kwa kuwa harufu yake inawaudhi watu, na Malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Ikiwa harufu ya chakula cha halali imemweka mtu mbali na jamaa, moshi unaomkosesha mtoto pumzi tuuweke daraja gani?

Yupo atakayesema, "Lakini ua ni wangu, na moto ni wangu." Neno hili si geni, na wanavyuoni walilitazama kwa makini. Imam Nawawi (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameeleza katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana katika pwani yetu, kwamba kila mtu hutumia milki yake kwa namna ya desturi, na akipindukia hulipa. Hata amejuzisha mtu kuifanya nyumba yake iliyo katikati ya majumba kuwa hamamu, kwa sharti achukue hadhari na aziimarishe kuta. Wafuasi wa Imam Malik wamekuwa wakali zaidi: moshi wa hamamu na wa tanuri kwao ni dhara ambayo jirani ana haki ya kuizuia. Mwanafunzi akiyasoma haya huenda akafurahi kuwa madhehebu yetu ya Shafi yamempa nafasi. Asifurahi upesi. Sharti ni kuta, na ukuta wa kuzuia moshi haujajengwa bado.

Tena tazameni walivyousemea moto wenyewe. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 wa Hijra (1223), ameandika katika al-Mughni kwamba mtu akiwasha moto katika milki yake, cheche ikaruka ikaunguza mali ya jirani, halipi kitu ikiwa aliwasha kwa kadiri ya desturi bila ya kuzembea. Lakini akiuwasha katika upepo mkali, au akaufanya mkubwa kupita kiasi, atalipa. Mashafi nao wamesema mfano wa hayo. Basi mambo mawili waliyoyapima ni upepo na ukubwa wa moto, na kwa mizani hiyo hiyo tunaweza kujipima leo. Na haya ni mambo ya kadhi, ya nani alipe na nani asilipe. Kifua cha mtoto hakina bei ya sokoni ambayo kadhi ataitaja, na kwa maoni yangu hapo ndipo mtu anapopaswa kuogopa zaidi.

Sasa tuutazame moshi wenyewe. Jani kavu huwaka kwa mwali na moshi wake ni mchache. Jani bichi au lililolowa kwa umande hupoozwa na maji yaliyomo ndani yake, moto ukawa wa kufukuta, na sehemu kubwa ya jani ikapanda hewani bila ya kuungua sawasawa. Ule weupe mzito tunaouona ni chembe ndogo mno zinazoshuka mpaka ndani ya mapafu, na pamoja nazo imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Asubuhi mapema, na baada ya Magharibi, ardhi huwa imepoa. Hewa iliyo juu yake ikawa nzito, na moshi ukalala chini ukitafuta madirisha. Kwa hiyo Alasiri yetu ile ya Alhamisi, moto ukifukuta mpaka usiku, ilikuwa wakati mbaya kabisa. Wakati ulio nafuu ni kama saa nne asubuhi, umande umekauka, jua limeipasha ardhi joto, na upepo wa bahari haujakaza. Na kumbukeni kuwa kona ya ua isiyomdhuru mtu wakati wa kaskazi, humdhuru wa upande wa pili ikiingia kusi.

Haya yote ni ya majani. Bibi zetu walichoma majani, makumbi na makuti yaliyooza, wala hapakuwa na kingine cha kuchoma. Leo katika lundo la uani mna mifuko, chupa za plastiki, viatu vya mpira, vipande vya godoro na nyaya. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania mwezi wa Juni 2019, lakini aina nyingine za plastiki zingali nyingi majumbani. Mabomba ya plastiki na maganda ya nyaya yakiungua hutoa hewa ya tindikali inayochoma macho na koo, na sumu nyingine zinazodumu katika udongo na mwilini. Vitu hivi havichomwi uani, si saa nne wala saa nyingine yoyote.

Anayelazimika kuchoma majani makavu, basi lundo liwe dogo, mbali na paa la makuti, ua wa miti na mtungi wa gesi. Maji yawepo karibu, na mtu mzima asiondoke mpaka moto umekwisha. Kabla ya kuwasha alipekue lundo, kwani vijidudu hukimbilia humo, na Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kuchoma hata kichuguu cha sisimizi. Akimaliza amwagie maji mpaka majivu yapoe mkononi. Kufukia kwa mchanga hakutoshi: makaa hukaa na moto chini yake kwa saa nyingi, na mtoto anayepita pekupeku haoni kitu. Na jioni ya kuamkia siku hiyo amtume mtoto kwa majirani aseme, "Baba anawasalimu, kesho saa nne atachoma majani, mwenye nguo za kuanika na mwenye mgonjwa atuambie." Akiambiwa yupo mgonjwa, aache.

Sisi pale madrasa tuliacha kabisa. Wanafunzi walichimba shimo chini ya mwarobaini, majani yakawa yanatiwa humo pamoja na mavi ya mbuzi na maji kidogo. Mwaka wa pili yule bibi alimtuma mjukuu wake na karai, aje aombe udongo wa shimo kwa ajili ya mchicha wake.