Kadi Uliyonayo Haitoshi: Wajibu wa Kujiandikisha katika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa



Jumapili ya tatu ya Majilio mwaka 2014, tarehe 14 Desemba, ilikuwa pia siku ya kupiga kura katika Serikali za Mitaa. Nilikuwa paroko msaidizi katika parokia ya vijijini. Baada ya Misa ya kwanza, bibi mmoja aliyepata kuwa mwenyekiti wa jumuiya yake alikwenda kituoni akiwa na kadi aliyopigia kura katika Uchaguzi Mkuu wa 2010, ambayo miaka yote aliitunza ndani ya kitabu chake cha sala. Saa nne alikuwa amerudi. Jina lake halikuwamo katika orodha ya kitongoji. “Baba, kwani kadi hii si ya Serikali?” aliniuliza. Kadi ilikuwa ya Serikali, lakini orodha ilikuwa nyingine. Nami, niliyewahimiza waamini kupiga kura, sikuwa nimewaeleza jambo hilo hata mara moja. Makala hii ni sehemu ya kulipa deni lile.

Orodha mbili tofauti

Mwaka 2024 kosa hilo liliweza kurudiwa kwa urahisi zaidi. Kuanzia tarehe 20 Julai 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa ikiboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kazi iliyozinduliwa Kigoma. Daftari hilo ni kwa ajili ya kumchagua Rais, Wabunge na Madiwani. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, wa viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa ya Tanzania Bara, ulisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, nao ulikuwa na orodha yake iliyoandikwa upya. Aliyeandikwa katika Daftari hakuandikwa katika orodha ya mtaa wake. Anapaswa kwenda mwenyewe kuandikishwa.

Uandikishaji ulifanyika kuanzia Ijumaa tarehe 11 hadi Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024, saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, katika vituo vya kila kitongoji na kila mtaa. Anayestahili ni raia wa Tanzania mwenye akili timamu, aliyetimiza miaka 18, na anayeishi katika eneo hilo. Neno “anayeishi” lina uzito wake. Mfanyakazi wa ndani, kijana aliyepanga chumba, na mtumishi aliyehamishwa hivi karibuni huandikishwa mahali wanapoishi sasa, si kijijini kwa wazazi. Ni kosa kujiandikisha mahali pawili. Baada ya siku hizo kumi orodha hubandikwa hadharani, na ni vema kila mmoja arudi kuhakikisha kwamba jina lake limo na limeandikwa sawasawa.

Kwa nini Kanisa linalizungumzia?

Wapo wanaosema kwamba uchaguzi huu ni mdogo. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na huko ndiko maisha yetu yanakopita. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayekutambulisha unapoomba kitambulisho, mkopo, au dhamana ya ndugu yako mahakamani. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1999. Mjane anayetishiwa kunyang’anywa shamba na shemeji zake hamkimbilii Mbunge kwanza, humkimbilia mwenyekiti. Ikiwa mwenyekiti huyo ni mtu wa kununuliwa, mjane amekwisha kushindwa kabla hajafungua kinywa.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931 katika waraka Quadragesimo Anno: jambo linaloweza kutekelezwa na jumuiya ndogo lisichukuliwe na ile kubwa. Lakini jumuiya ndogo haiwezi kutekeleza lolote ikiwa wanajumuiya wenyewe wameiacha. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inaihesabu haki ya kupiga kura pamoja na kulipa kodi kuwa wajibu wa kimaadili, unaotokana na kushiriki dhamana ya ustawi wa wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha vivyo hivyo katika Gaudium et Spes, namba 75.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha njia. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro anamshauri Musa aweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na hata wa makumi, na sifa anazozitaja ni zile zile kwa wote: wamche Mungu, wawe waaminifu, wachukie rushwa. Kiongozi wa watu kumi hapunguziwi masharti kwa sababu eneo lake ni dogo.

Kwa waliokata tamaa

Nafahamu kwamba wapo waamini waliovunjika moyo. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama kadhaa vikajitoa, na mahali pengi viongozi walipita bila kupingwa. Siwezi kumwambia muumini kwamba uchungu wake hauna msingi. Ninachomwomba ni kutofautisha mambo mawili. Kutenda haki katika kuteua wagombea na kuhesabu kura ni wajibu wa wasimamizi, nao watautolea hesabu mbele ya Mungu na mbele ya taifa. Kujiandikisha ni wajibu wako. Aliyeandikishwa anaweza kudai haki yake. Asiyeandikishwa hana hata mahali pa kuanzia.

Kanisa halina chama. Sheria ya Kanisa inatukataza sisi makleri kushika nyadhifa za utawala wa kiserikali, na mimbari si jukwaa la kampeni. Kuyatakatifuza malimwengu ni wito wa pekee wa walei. Sisi tunawajibika kuunda dhamiri. Kwa hiyo padre asikuambie umchague nani, lakini ana wajibu wa kukukumbusha kwamba unatakiwa kuchagua.

Tufanye nini?

Siku hizo kumi za mwaka 2024 ziliangukia katika mwezi wa Rozari, wakati jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana kila jioni. Nawaomba viongozi wa jumuiya, baada ya sala, waulize swali moja tu: nani bado hajajiandikisha? Mwenye pikipiki ampeleke mzee. Mama wa nyumba amruhusu msichana wake wa kazi atoke kwa saa moja. Tusisubiri siku ya mwisho, ambayo mwaka 2024 ilikuwa Jumapili ya Kimisioni.

Mtakatifu Yosefu alisafiri kutoka Nazareti hadi Bethlehemu, pamoja na Maria aliyekuwa mjamzito, ili aandikwe. Kwa wengi wetu kituo ni mwendo wa dakika chache.

Bibi yule alikwisha kufariki dunia. Apumzike kwa amani. Nami nimeona ni heri niwaeleze mapema, ili asiwepo mwingine wa kurudishwa na kadi yake mkononi.

Maria, Malkia wa Amani, aiombee nchi yetu.