Zege Baya la Nyumba, Jiwe Zuri la Samaki

Mwashi anayejua kazi yake, awe Bunia, Fataki au Mongbwalu, ana mambo manne anayoyaogopa katika zege: chumvi, kwa kuwa inakula nondo, matundu, kwa kuwa yanapitisha maji, saruji iliyopunjwa, na mchanganyiko mkavu usiojaza pembe za boksi. Je, wajua kwamba mambo hayo manne yakikusanywa kwa makusudi hutoa jiwe linalofaa sana katika tangi la samaki wa baharini?

Wengi hudhani jiwe huwekwa kwenye tangi la kioo kwa ajili ya pambo. Kazi yake hasa ni usafi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Baharini inachukuliwa na maji mengi. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Hapo ndipo bakteria wanapoingia kazini. Wa kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Wa kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Wote hao wanahitaji hewa ya oksijeni, kwa hiyo hukaa kwenye ngozi ya jiwe na katika vishimo vya juu. Ndani zaidi, kwenye vijitundu ambavyo oksijeni haifiki, wapo wengine wanaoinyang'anya nitrati oksijeni yake na kuacha gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda juu na kutoweka hewani. Jiwe lenye matundu hubeba makundi yote. Jiwe gumu kama la mtoni huwabeba wale wa nje tu.

Siri hii ilianza kujulikana kwa wafugaji wa samaki kupitia Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, ambaye mwaka 1961 alieleza jinsi alivyofuga samaki wa baharini kwa kutumia mawe hai ya mwambani na mapovu ya hewa, bila mitambo ya kuchuja. Baada ya hapo mawe ya miamba yakawa bidhaa. Yaling'olewa Indonesia, Fiji na kwingineko, yakasafirishwa kwa ndege hadi Marekani na Ulaya. Tatizo ni kwamba mawe hayo ni mifupa ya matumbawe, na mwamba unaong'olewa hauoti tena haraka. Leo matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji vibali. Ndipo watu wakauliza: kwa nini tusilifinyange jiwe wenyewe?

Wazo hilo lina nasaba ya zamani kwetu Afrika Mashariki, ingawa lilikwenda kinyumenyume. Kwa karne nyingi Waswahili walitoa mwamba baharini ili wajenge nyumba. Pale Kilwa, Gedi na Lamu, tumbawe lilikatwa likiwa bado bichi na laini, likachongwa kuwa mihrabu na fremu za milango. Lile la kawaida likachomwa kwenye tanuri la kuni mpaka likawa chokaa. Moto hufukuza kaboni dioksaidi kutoka kwenye jiwe. Chokaa ikishatiwa maji na kupakwa ukutani, huivuta gesi ileile kutoka hewani pole pole na kurudi kuwa jiwe. Msikiti Mkuu wa Kilwa umesimama kwa njia hiyo.

Hata saruji ya kiwandani ina damu ya matumbawe. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilichimba mawe ya chokaa ambayo zamani yalikuwa mwamba hai, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Mashimo yaliyoachwa na uchimbaji huo ndiyo mwanamazingira René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971, na sasa ni bustani ya wanyama inayobeba jina lake. Kwa hiyo mtu anayechukua saruji ya namna hiyo na kuifinyanga kuwa jiwe la samaki anairudisha mahali ilikotoka.

Sasa turudi kwetu Djugu, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Kutoka hapa mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na mawe tunayoyakanyaga si ya ukoo huo kabisa. Hii ni nchi ya Kilo, miamba mikongwe yenye dhahabu, ile iliyowaleta watafutaji wa dhahabu Hannam na O'Brien kutoka Australia mwaka 1903. Ni mawe mazuri kwa msingi wa nyumba, ila kwa tangi la maji ya chumvi nayakataa bila kusita. Mwamba wa dhahabu mara nyingi hubeba salfaidi na madini mengine, na shaba kidogo tu ndani ya maji huua kamba, konokono na matumbawe kabla samaki hajaonyesha dalili yoyote. Tena mawe na mchanga wa vijito vinavyosafishiwa dhahabu vinaweza kuwa na zebaki. Yeyote anayefikiri kuokota kokoto kwenye chimbo na kuzitia kwenye maji ya viumbe hai, aache.

Tulicho nacho ni ziwa. Pale Tchomia, chini ya mteremko mrefu unaoshuka kutoka vilimani, mawimbi ya Ziwa Albert huacha maganda ya konokono na kombe. Maganda hayo yametengenezwa kwa aragonaiti, aina ileile ya kalsiamu kaboneti ambayo matumbawe hujengea mifupa yake. Konokono wa maji baridi na tumbawe wa bahari ya chumvi hawajawahi kuonana, lakini wanajenga kwa tofali moja. Maganda yakioshwa, yakaanikwa juani na kupondwa kwenye kinu mpaka yawe kama mchele na chenga zake, yanachukua nafasi ya mchanga wa matumbawe ambao watu wa mbali huununua kwa bei kubwa.

Saruji nayo si shida. Nyingi inayouzwa huku huvuka mpaka kutoka Uganda. Ukiweza kuchagua, chagua iliyochanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano. Warumi walitumia majivu hayo pamoja na chokaa kujenga kuta za bandari zao miaka 2,000 iliyopita, na baadhi ya kuta hizo ziko majini mpaka leo. Majivu hula sehemu ya chokaa huru iliyobaki ndani ya saruji, na chokaa huru ndiyo adui yetu mkubwa, kama tutakavyoona.

Kitu cha tatu ni chumvi ya mawe, ile ya chenga kubwa. Ng'ambo ya ziwa, Kibiro, akina mama wamekuwa wakipika chumvi kwa karne nyingi: huchuja udongo uliolowa maji ya chemchemi za moto, kisha huchemsha maji yake. Lakini kwa kazi hii chumvi yoyote nzito ya dukani inatosha, kwa sababu haitakiwi ibaki. Inatakiwa iyeyuke na kuacha shimo.

Mchanganyo wenyewe ni kopo moja la saruji, makopo mawili mpaka matatu ya maganda, na kopo moja na nusu la chumvi. Vaa glavu kwanza. Saruji mbichi huunguza ngozi, na jeraha lake huanza bila maumivu. Changanya vikiwa vikavu, kisha nyunyiza maji kwa mkono, kidogo kidogo. Ukilifumbata donge nalo likabaki na alama za vidole bila kutiririka, acha hapohapo. Hili ndilo jambo gumu kwa mwashi, maana mkono wake umezoea zege linalomwagika. Maji yakizidi, saruji hugeuka uji, huziba kila tundu, nawe utatoa tofali.

Kalibu ni boksi la mbao lililojazwa mchanga safi uliolowa. Chimba umbo kwa mikono, lisilo na pembe sawa. Tengeneza madonge ya chumvi iliyolowana uyalaze katikati. Yakiyeyuka yatakuwa mapango na njia za samaki. Donge la zege litupie kwa vipande bila kulishindilia. Usitie nondo wala waya wa chuma hata mmoja, kwa kuwa utashika kutu na kulipasua jiwe kutoka ndani. Funika kwa nailoni. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kuungana na maji, na ikikosa unyevu siku za mwanzo inabaki unga ulioshikana. Baada ya siku mbili litoe kwa uangalifu, lirudishe chini ya nailoni kwa wiki moja hivi likiwa na unyevu, kisha litie kwenye pipa la maji.

Kuanzia hapa kazi ni ya subira. Wakati saruji inaungana na maji huzaa kalsiamu haidroksaidi, chokaa huru niliyoitaja. Maji yaliyoshiba chokaa hiyo hufika pH ya 12 na zaidi, wakati maji ya bahari ni 8.1 au 8.2. Kipimo cha pH huenda kwa kuzidisha kumi kila hatua, kwa hiyo hatua nne maana yake ni ukali mara 10,000. Samaki aliyetiwa kwenye maji ya namna hiyo matamvua yake huungua. Tena hata pH ikipanda kidogo tu, amonia iliyomo majini huongezeka ukali, na jiwe lililoletwa kusafisha likawa linaua.

Angalia pipa asubuhi ya pili. Juu ya maji utakuta utando mweupe, mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa, unaovunjika ukiugusa kwa kijiti. Hiyo ni chokaa iliyotoka ndani ya jiwe, ikakutana na kaboni dioksaidi ya hewani na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti, jambo lilelile lililotokea kwenye kuta za Kilwa. Mwaga maji hayo, jaza mengine, rudia kila baada ya siku chache. Chumvi hutoka mapema, na jiwe huwa jepesi mkononi. Chokaa huchukua wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi. Wapo wanaotia siki ili kuharakisha. Husaidia usoni mwa jiwe, ila siki hula pia maganda na kulilegeza.

Kupima, acha jiwe kwenye ndoo ya maji safi kwa siku mbili bila kuyabadili, kisha tumia karatasi za pH. Maji ya maua mekundu ya rozela yanaweza kukupa onyo la mwanzo, kwa kuwa hugeuka rangi ya kijani penye chokaa kali, lakini hayawezi kutofautisha 8.2 na 9. Kwa uamuzi wa mwisho tumia karatasi.

Jiwe likishapona na kutiwa kwenye maji ya chumvi, bakteria huanza kulikalia, na baada ya miezi mwani mgumu wa rangi ya waridi na zambarau hulifunika mpaka usijue lilitoka kwenye mfuko wa saruji. Huko baharini, mabuu ya matumbawe hupenda kutua juu ya mwani huohuo. Ndiyo maana saruji imeingia pia kwenye kazi ya kuponya miamba. Kusini mwa pwani ya Kenya, ambako joto la El Niño la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi, watu wa Wasini, Mkwiro na Shimoni wameshiriki kuzamisha miamba ya kutengenezwa. Baadhi imefanywa kwa chupa zilizopachikwa kwenye saruji, na vipande vya matumbawe hai hufungwa juu yake. Kule nguvu inatakiwa zaidi kuliko kwenye kioo, kwa sababu kuna mawimbi na nanga.

Mwalimu wa sayansi wa Djugu anayetaka kuonyesha haya kwa wanafunzi halazimiki kuwa na bahari. Ziwa Albert lenyewe lina maji ya pH inayokaribia 9, na ngege wake hawasumbuliwi na jiwe la chokaa. Ila ajue kwamba maji ya mvua au ya chemchemi laini hayana uwezo wa kuzuia pH isipande kama maji ya bahari, kwa hiyo jiwe lake likae pipani muda mrefu zaidi, na tangi lisiwe dogo. Samaki asiingie mpaka karatasi ionyeshe kipimo kilekile mara tatu mfululizo. Jiwe lililofinyangwa likizo inapoanza halitakuwa tayari shule ikifunguliwa, na hakuna dawa ya kulikimbiza.