Si kila mbwa atokwaye na povu ana kichaa

MBWA aliyekuwa amejilaza kwa utulivu kando ya lango huanguka ubavu ghafla. Miguu hukakamaa, kisha huanza kupigapiga hewani kana kwamba anakimbia. Taya hugongana, povu humtoka mdomoni na mkojo humtiririka bila yeye kujua. Watoto hupiga mayowe, na kabla ya dakika mbili kupita, jirani huwa amefika na rungu akisisitiza kwamba mnyama huyo ana kichaa na sharti auawe.

Huenda jirani huyo anasema kweli. Hata hivyo, huenda pia mbwa huyo ana kifafa, maradhi ambayo aghalabu hudhibitiwa kwa dawa. Asiyeijua tofauti hiyo yumo katika hatari mbili: kumuua mnyama ambaye angetibiwa, au kumshika kwa mikono mitupu mnyama mwenye virusi visivyo na tiba.

Mtukutiko wa aina hii hutokea wakati chembechembe za neva katika ubongo zinapotoa ishara kwa fujo na kwa wakati mmoja. Kabla ya kuanguka, baadhi ya mbwa huonyesha wasiwasi, hujificha au humng'ang'ania mwenyewe. Mtukutiko wenyewe kwa kawaida huchukua dakika moja au mbili. Baadaye mbwa huzinduka akiwa amechanganyikiwa. Huyumbayumba, hugonga vitu kama kipofu, au hula kwa pupa. Hali hiyo yaweza kudumu dakika chache au saa kadhaa.

Si kila mtukutiko huwa mkubwa hivyo. Kuna mbwa ambao hutetemeka upande mmoja wa uso tu, au hutafunatafuna hewa kana kwamba wanakamata nzi wasioonekana.

Mbwa anapoanguka, jambo la kwanza ni kutazama saa. Mtukutiko unaopita dakika tano ni wa dharura, kwa sababu joto la mwili hupanda na ubongo waweza kudhurika. Mbwa anayetukutika mara mbili au zaidi katika saa 24, au anayeanguka tena kabla ya kuzinduka, pia anapaswa kufikishwa kwa daktari wa mifugo bila kukawia.

Jambo la pili ni kuweka mikono mbali na mdomo wake. Wengi huamini kwamba mbwa atameza ulimi, hivyo humtia kijiko au vidole kinywani. Mbwa hamezi ulimi wake, lakini taya zake zaweza kuvunja kidole cha bwana wake bila yeye kujua alitendalo.

Inatosha kuondoa viti, mawe na vitu vyenye ncha vilivyo karibu naye, kuwatoa watoto na mbwa wengine, na kupunguza kelele. Akiwa karibu na ngazi au mtaro, avutwe taratibu kwa kushikwa sehemu ya nyuma ya mwili. Mwenye simu yenye kamera anaweza kupiga picha za video, kwani daktari ni nadra kufika wakati mtukutiko ungali unaendelea.

Kosa jingine la kawaida ni kumnywesha maziwa mbwa aliyezimia kwa dhana kwamba amelishwa sumu. Maziwa hayo huweza kuingia mapafuni na kumuua. Asipewe chakula wala maji hadi atakapopata fahamu kamili. Ikiwa sumu inashukiwa, chupa au pakiti yake ipelekwe kwa daktari pamoja na mbwa.

Sumu ni miongoni mwa vyanzo vikuu. Dawa za kuogeshea mifugo dhidi ya kupe, dawa za kunyunyizia mimea, na baadhi ya sumu za panya na konokono zaweza kusababisha mitukutiko mikali. Hata chokoleti nyingi ni hatari kwa mbwa. Watoto wa mbwa huanguka sukari inapopungua mwilini, na majike wanaonyonyesha huanguka kalsiamu inapopungua. Maradhi ya ini, uvimbe katika ubongo, majeraha ya kichwa na ugonjwa wa distempa pia humo katika orodha hiyo.

Daktari anapokosa chanzo chochote kati ya hivyo, hasa kwa mbwa aliyeanza kuanguka akiwa na umri wa kati ya miezi sita na miaka sita, hushuku kifafa ambacho huweza kurithiwa. German Shepherd, wanaopendwa sana kwa ulinzi, ni miongoni mwa jamii zinazokumbwa nacho. Dawa itumiwayo sana ni fenobabitali, ambayo pia hupewa wanadamu. Hupunguza mitukutiko ingawa haiondoi kifafa chenyewe, na kuikatiza ghafla kwaweza kuleta mitukutiko mibaya kuliko ya awali.

Kuhusu kichaa, mbwa mwenye kifafa hurejea hali yake ya kawaida baada ya kuzinduka. Mwenye kichaa huzidi kudhoofika: tabia hubadilika, huuma bila kuchokozwa, sauti yake hugeuka, hushindwa kumeza, miguu hupooza, na hufa siku chache baada ya dalili kuanza. Kwa hivyo, mbwa asiyechanjwa anayeanguka asiguswe mate. Afungiwe mahali salama iwapo hilo linawezekana bila kumgusa, na daktari wa mifugo aitwe.

Mtu aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate katika kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asisubiri kuona hali ya mbwa, kwani dalili zikishaanza kwa binadamu, kifo huwa karibu hakika. Na mbwa akifa, kichwa kisipondwe wala mzoga usichomwe kabla ya daktari kuarifiwa, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa katika maabara.

Mnamo 2014, Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa. Kwa mwenye mbwa, chanjo ya kila mwaka ina faida ya ziada: siku mnyama wake atakapoanguka mbele ya majirani, cheti cha chanjo ndicho kitakachompa daktari nafasi ya kutafuta chanzo kabla ya rungu kuinuliwa.