Wino Uliokuwa Kwenye Kisu

Mtazame mtu anayemenya ndizi mbichi Kayanga, wilayani Karagwe, au Nkwenda, wilayani Kyerwa. Kwanza hupaka mafuta viganjani, maana utomvu ukishakauka sabuni haiutoi. Kisu chake kikiwa cha chuma kinachoshika kutu, hugeuka cheusi kabla sufuria haijajaa.

Weusi ule ni ndugu wa wino. Ndizi mbichi ina tanini, kemikali inayokufanya usikie ulimi unakauka ukionja ndizi ambayo haijaiva. Tanini ikikutana na chuma huzaa rangi nyeusi. Kwa karne nyingi Wazungu waliandika hati zao kwa wino wa namna hiyo: tanini kutoka vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma, gundi na maji. Ulipotoka kalamuni ulikuwa umepauka, kisha hewa ikaukoleza. Hata doa la mgomba kwenye shati hukolezwa na hewa: asubuhi hulioni, jioni limekuwa la kahawia.

Na jina la wino je? Maneno kalamu na kitabu tumeyapata kwa Waarabu. Lakini wino Mwarabu huuita hibr au midad. Neno letu limejengwa Kibantu, kwa u- inayogeuka w- mbele ya irabu, kama katika wema na wimbo. Kuandika nako ni kwa Kibantu: maana yake ya kupanga vitu mahali pake ingali hai kila tunapoandika meza.

Majirani wa Karagwe na Kyerwa nao wanalo neno hili. Ng'ambo ya Mto Kagera, Wanyarwanda husema wino. Kaskazini, Waganda husema bwino, kwa kiambishi bu- kilekile kinachofanya utu wetu uwe obuntu kwa Wanyambo wa Karagwe. Maandishi nayo yalikuwa na njia ya kufika huku: wasafiri Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka Tabora ilikuwa imekwisha kuizoea njia ya Karagwe, na kituo chao kilikuwa Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya mfalme.

Misafara ilileta barua na daftari. Viungo vya wino navyo vilikuwepo: chuma kwa wahunzi wa Karagwe, na tanini migombani.

Mwalimu wa sayansi anaweza kuonyesha darasani jinsi viungo hivyo vinavyozaa wino. Loweka misumari yenye kutu katika siki kwa siku chache. Chemsha maganda ya ndizi mbichi, chuja, kisha changanya maji hayo mawili. Yakiwa meusi, chovya kijiti, uandike jina lako.