Mama Mjamzito, Maumivu ya Mgongo na Sindano ya Kichina: Unachopaswa Kujua

Mama mjamzito wa Turkana Kusini habebi mimba pekee. Anabeba mtungi wa maji wa lita 20 kichwani, anabeba kuni, na familia inapohama yeye ndiye anayejenga nyumba upya. Si ajabu basi kwamba maumivu ya mgongo na kiuno humsumbua, na katika miezi ya kwanza kichefuchefu humfanya ashindwe hata kunywa chai.

Huenda umesikia redioni, au kwa jamaa anayeishi Eldoret au Nairobi, kwamba kuna tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano ndogondogo ambayo hupunguza maumivu kama hayo. Tiba hiyo huitwa akupancha. Makala haya hayatangazi huduma mpya katika vituo vyetu vya afya. Yanaeleza tiba hiyo ni nini, inaweza kumsaidia mjamzito kwa kiasi gani, na ni maumivu gani ambayo hayafai kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa mkunga au daktari.

Akupancha ni nini?

Ni tiba iliyoanzia China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mtaalamu huchoma sindano nyembamba sana katika sehemu maalumu za mwili, huziacha hapo kwa muda wa dakika 20 au 30, kisha huzitoa. Si sindano kama ile ya chanjo. Haina tundu na haipitishi dawa yoyote.

Waganga wa kale wa China walieleza kwamba nguvu ya uhai hupita mwilini kwa njia zake, na kwamba sindano huifungua inapokwama. Wanasayansi wa leo wanaeleza kwa njia nyingine: sindano huamsha mishipa ya fahamu, na ubongo hutoa kemikali za asili zinazotuliza maumivu.

Afrika Mashariki si ngeni kwa tiba hii. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na katika timu za namna hiyo mara nyingi huwamo mtaalamu wa sindano. Nchini Uganda, mradi uitwao PanAfrican Acupuncture Project, ulioanzishwa na Mmarekani Richard Mandell, umewafundisha wauguzi, wakunga na wahudumu wengine wa afya kutumia sindano hizo kupunguza maumivu na usumbufu mwingine wa wagonjwa, wakiwemo wanaoishi na virusi vya ukimwi. Mradi huo haukuja kuondoa dawa za hospitali. Mgonjwa aliendelea kumeza dawa zake, na sindano ikawa msaada wa pembeni.

Kwa nini wengine hutibiwa kwa kikundi?

Kwa kawaida mtu huingia chumbani peke yake na mtaalamu. Lakini kuna utaratibu mwingine ambapo watu hukaa pamoja kwenye viti. Mtaalamu humpitia mmoja baada ya mwingine, akichoma sindano masikioni, mikononi au miguuni, bila mtu kuvua nguo. Hospitali ya Lincoln mjini New York ilijulikana kwa utaratibu huu tangu miaka ya 1970, ilipokuwa ikiwasaidia watu kuachana na mihadarati. Walichomwa sindano tano katika kila sikio, wakakaa kimya pamoja.

Faida yake ni mbili. Kwanza, gharama hupungua kwa sababu mtaalamu mmoja huwahudumia watu wengi kwa saa moja. Pili, mgonjwa huona kwamba hayuko peke yake. Faida hii ya pili haihitaji sindano, na tutairudia.

Je, inamfaa mjamzito?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa huduma kwa wajawazito. Kuhusu maumivu ya mgongo na nyonga, mwongozo huo unapendekeza kwanza mazoezi ya mwili ya mara kwa mara, kisha unataja njia kadhaa ambazo mama anaweza kuchagua kulingana na kinachopatikana: tiba ya viungo, mkanda wa kushikilia tumbo, na akupancha. Kuhusu kichefuchefu cha miezi ya kwanza, unataja tangawizi, vitamini B6 na akupancha.

Kwa hiyo akupancha imo katika orodha, lakini ni njia moja kati ya nyingi. Anayeikosa hajakosa matibabu. Tangawizi inauzwa madukani, na mazoezi hayana bei.

Anayetaka kuitumia azingatie mambo matatu.

Kwanza, amwambie mtaalamu mapema kwamba ni mjamzito, hata kama tumbo halijaonekana. Zipo sehemu ambazo wataalamu wengi huepuka kuzichoma wakati wa ujauzito, kama ile iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na ile iliyo juu kidogo ya kifundo cha mguu upande wa ndani.

Pili, sindano iwe mpya. Ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako, na itupwe baada ya kutumika. Sindano au wembe uliotumika kwa mtu mwingine unaweza kukuambukiza virusi vya ukimwi au homa ya ini. Tahadhari hii inahusu pia chale za nyumbani.

Tatu, uliza amesomea wapi na ana kibali gani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba za asili na tiba mbadala nchini Kenya na inataka zisimamiwe. Anayekasirika ukimuuliza, muache. Na yeyote anayekuambia uache kliniki, au uache dawa za ukimwi, kifua kikuu au shinikizo la damu kwa sababu ya sindano zake, anakuhatarisha wewe na mtoto.

Maumivu yasiyongoja

Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika makala haya. Si kila maumivu ya mgongo ni ya mtungi wa maji. Mgongo ukiuma pamoja na homa, na mkojo ukiunguza, huenda figo zina maambukizi. Maumivu yakija na kuondoka kwa vipindi, na vipindi vikizidi kukaribiana, huenda ni uchungu wa kuzaa, hata kama miezi haijatimia. Tiba ya kutuliza, iwe sindano, kukandwa au dawa ya dukani, inaweza kulificha tatizo hadi muda wa kuokoa uishe.

Nenda kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya:

• Kutokwa na damu ukeni, hata kidogo
• Maumivu makali ya kichwa, au macho kuona giza au vimulimuli
• Uso na mikono kuvimba ghafla
• Degedege au kupoteza fahamu
• Homa. Huenda ni malaria, na malaria ni hatari zaidi kwa mjamzito
• Maumivu makali ya tumbo
• Maji kutoka ukeni kabla ya uchungu kuanza
• Mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni
• Kutapika kiasi cha kushindwa kubakisha hata maji

Kichwa kinachouma sana na uso kuvimba huweza kuwa dalili ya shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huua mama na mtoto. Hugunduliwa kwa kupima shinikizo la damu na mkojo, vipimo vya dakika chache tu kliniki. Hakuna sindano ya Kichina inayolitibu.

Faida ya kukaa pamoja

Turudi kwenye lile la kikundi. Mwaka 2012, katika Kaunti ya Busia, mpango uitwao Chamas for Change ulianza kuwakusanya wajawazito katika vikundi chini ya AMPATH, ushirikiano unaohusisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Kina mama walikutana mara kwa mara wakiongozwa na wahudumu wa afya ya jamii, wakajifunza kuhusu ujauzito, kujifungua na kunyonyesha, na wakaweka akiba pamoja kama chama chochote.

Watafiti walipolinganisha, walikuta kwamba takriban 84 kati ya kila wanachama 100 walijifungulia kituo cha afya. Kwa wasiokuwa katika vikundi ilikuwa takriban 50. Wanachama pia walihudhuria kliniki mara nyingi zaidi, na wengi zaidi waliwanyonyesha watoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Mpango huo baadaye ulifika Trans Nzoia, kule inakoanzia barabara inayopita Kalemng'orok kuja Lodwar.

Somo hilo linatuhusu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa Kenya nzima, 89 kati ya kila watoto 100 walizaliwa kwa msaada wa mhudumu mwenye ujuzi. Kaunti yetu bado iko chini sana ya wastani huo. Umbali ni sababu, na kuhamahama ni sababu. Lakini ipo pia sababu ya kutojua kwamba maumivu haya ni ya kawaida na yale ni ya hatari. Mama aliyekaa na wenzake kumi, mmoja wao akasimulia jinsi kichwa kilivyomuuma kabla ya kuanguka, hatasahau dalili hiyo.

Wazee wetu wana mti wao wa kukutania na kuamua mambo. Wajawazito nao wanaweza kuwa na wao. Kinachohitajika ni kivuli, siku moja ya wiki, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Wakunga wa jadi wakaribishwe pia, kwa kuwa wao ndio huitwa kwanza usiku, na neno lao la "twende hospitali" husikilizwa.

Unachoweza kufanya kuanzia leo

• Anza kliniki kabla ya wiki ya 12 ya ujauzito. WHO inapendekeza mahudhurio 8 kabla ya kujifungua.
• Kwa mgongo, tembea na ujinyooshe kila siku, gawa mzigo wa maji mara mbili badala ya mmoja mzito, na ulale kwa ubavu ukiwa na nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Waume na vijana, mtungi huo mnaweza kuubeba nyinyi.
• Kwa kichefuchefu, kula kidogo kidogo na utumie tangawizi. Unaweza pia kubonyeza kwa kidole gumba ile sehemu ya ndani ya mkono iliyo vidole vitatu kutoka kwenye kifundo, katikati ya kano mbili, kwa dakika chache. Ni sehemu ileile ambayo wataalamu wa akupancha huchoma, na kuibonyeza hakuhitaji sindano.
• Ukitumia tiba yoyote nje ya kituo, iwe ya mitishamba, ya kukandwa au ya sindano, mwambie mkunga. Hatakufukuza. Anahitaji kujua.
• Jiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, au mwombe mhudumu wa afya ya jamii akusaidie.
• Panga mapema usafiri na mtu wa kubaki na watoto. Walio Kalemng'orok waulize kliniki ni lini mama hupelekwa Katilu na ni lini hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Lodwar, ili siku ya dharura isiwe siku ya kuulizana.

Mgongo unaouma kwa kazi unaweza kutulizwa kwa njia nyingi, na akupancha ni mojawapo inapopatikana kwa usalama. Lakini kabla ya kuutuliza, mpe mkunga nafasi ya kuuangalia kwanza.